Zotero, Mendeley, EndNote au mkono wako: upange vipi marejeleo ya makala ya jarida?

Mswada umekamilika, hoja zimekaa sawa, majedwali yamehakikiwa. Kinachobaki ni kile ambacho wengi wetu hukisukuma hadi usiku wa mwisho: marejeleo. Jarida linataka mtindo wa marejeleo wa APA, toleo la 7. Orodha ina vyanzo 60, vingine vimeandikwa kwa mkato, vingine vimenakiliwa kutoka orodha ya mtu mwingine pamoja na makosa yake, na ndani ya matini kuna mwandishi wa mwaka 2014 ambaye kwenye orodha hayupo kabisa. Wahariri huyaona haya kabla ya kusoma hoja yako, na mswada unaweza kurudishwa hata kabla ya kufika kwa wapitiaji.

Ushauri unaosikika kwenye semina za uandishi ni "tumia programu". Ni ushauri mzuri, ila hauishii hapo. Programu ipi? Na je, kila mtu anaihitaji? Hapa nalinganisha njia nne ambazo watafiti wetu wengi huchagua kati yake: kuandika kwa mkono ndani ya Word, Zotero, Mendeley na EndNote. Ya tano, BibTeX ndani ya LaTeX (mfumo wa kuandika matini za kisayansi kwa msimbo), nitaigusa mahali pake tu, kwa kuwa wanaoihitaji kwa kawaida wanajijua.

Jambo moja nalishikilia tangu mwanzo: programu hupanga koma, nukta na italiki, lakini haijui kama mwaka ni sahihi au kama jina la mwandishi limegeuzwa. Inachapisha kile ulichoiwekea. Kwa hiyo usiulize tu ipi inapanga vizuri. Uliza pia ipi itakurahisishia kuweka taarifa safi katika mazingira yako.

Vigezo

Nazipima kwa mambo sita: pesa, intaneti na kompyuta uliyonayo, vyanzo vinavyoingizwa, kazi ya kubadili mtindo jarida la kwanza likikataa, majina na vichwa vya Kiswahili, na kuandika pamoja na wenzako. Kigezo cha tano nimekipa nafasi kubwa kwa makusudi. Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani hukipita juujuu, na ndipo marejeleo yetu yanapoharibikia zaidi.

Pesa

Mkono ni bure. Zotero nayo ni bure, na ni programu huria. Ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason, Virginia, mwaka 2006. Taarifa za vyanzo (mwandishi, mwaka, kichwa, juzuu) unaweza kuzihifadhi kwenye akaunti yako bila kikomo. Kinachopimwa ni faili za PDF unazopandisha mtandaoni: MB 300 za bure, yaani makala 150 hivi ikiwa kila moja ina MB mbili. Usipotaka kulipia nafasi zaidi, zima upandishaji wa faili na uache PDF zibaki kwenye kompyuta yako. Kazi ya kurejelea haitaathirika.

Mendeley ni bure pia, ila lazima ufungue akaunti. Inakupa GB 2, nafasi kubwa zaidi kuliko ya Zotero. Imekuwa mali ya Elsevier, kampuni inayochapisha majarida, tangu 2013.

EndNote, ya kampuni ya Clarivate, ni ya kulipia. Bei yake si ndogo, ingawa kuna majaribio ya siku 30. Kabla hujaiondoa kwenye orodha yako, uliza maktaba ya chuo chako kama wana leseni ya pamoja. Ukiambiwa ipo, uliza swali la pili: nikihitimu au nikiondoka, itakuwaje? Kujenga maktaba ya vyanzo 800 kwa miaka minne kisha ufunguo ukachukuliwa ni hasara inayoepukika kwa kuuliza mapema.

Intaneti na kompyuta

Hapa tofauti ni kubwa. Zotero na EndNote hukaa kwenye kompyuta yako, na umeme wa betri ukiwepo unaandika, unarejelea na kupata orodha bila bando. Zotero inakubali Windows, Mac na Linux, na inafanya kazi ndani ya Word, LibreOffice na Google Docs (hii ya mwisho inahitaji uwe mtandaoni, bila shaka). EndNote ni ya Windows na Mac tu.

Mendeley imebadilika, na hili linawachanganya wengi. Video na vitini vingi vinavyozunguka vyuoni bado vinafundisha Mendeley Desktop, ambayo Elsevier iliacha kuitoa kwa watu wa kuipakua mwezi Septemba 2022. Ya sasa inaitwa Mendeley Reference Manager, na kiongezo chake cha Word kinaitwa Mendeley Cite. Vyote viwili vinategemea akaunti ya mtandaoni, na Mendeley Cite inataka Word 2016 au mpya zaidi. Mwenye Word ya 2010, au anayetumia LibreOffice kwa kuwa hana leseni ya Word, hapo hapiti.

Kwa wanaosomea kwenye simu, Zotero ina programu ya iPhone na ya Android, wakati Mendeley iliondoa programu zake za simu mwaka 2021. Lakini kuingiza rejea ndani ya mswada bado ni kazi ya kompyuta.

Vyanzo vinaingiaje

Makala yenye DOI, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha mtandaoni, haisumbui popote. Zotero na Mendeley zina kitufe unachokiweka kwenye kivinjari. Ukiwa kwenye ukurasa wa makala unabonyeza, taarifa zinaingia pamoja na PDF ikiwa inapatikana bure. EndNote ina nguvu zaidi unapoleta vyanzo kwa mafungu: unatafuta kwenye hifadhidata kubwa, unapakua matokeo mia tano kwa faili moja, inayameza na kukuonyesha yaliyojirudia.

Taabu iko kwenye vyanzo vyetu wenyewe: matoleo ya zamani ya majarida yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, ripoti za wizara, magazeti, mahojiano, na zaidi ya yote tasnifu. Ukivuta tasnifu kutoka hifadhi ya chuo, mwaka unaoingia unaweza kuwa ule faili ilipopandishwa mtandaoni, si ule mwanafunzi alipoiwasilisha. Msimamizi anaweza kuingia kama mwandishi wa pili. Sehemu ya aina ya chanzo mara nyingi huja tupu, nawe ndiwe unayepaswa kuandika "Tasnifu ya Uzamivu" pamoja na jina la chuo. Programu zote tatu zina fomu ya tasnifu, na hakuna hata moja inayojua ukweli kuliko wewe uliyeifungua na kusoma ukurasa wake wa kwanza. Kwa vyanzo vya namna hii, anayeandika kwa mkono huku kitabu kiko mbele yake hayuko nyuma hata kidogo.

Na tafadhali, usiiombe akili unde ikuandikie orodha. Hutunga makala ambazo hazipo, zenye waandishi wanaoaminika na kurasa zinazoonekana halisi. Zotero haikutungii kitu. Tena tangu 2019 hukuonya iwapo makala uliyonayo imefutwa na jarida lililoichapisha, kwa kutumia hifadhidata ya Retraction Watch.

Kubadili mtindo

Jarida la kwanza limekataa. La pili, la tiba, linataka mtindo wa Vancouver. Tazama makala maarufu ya Watson na Crick kuhusu umbo la DNA. Sehemu ya mwisho ya rejea yake kwa APA huwa hivi:

*Nature*, *171*(4356), 737–738. https://doi.org/10.1038/171737a0

Kwa Vancouver inakuwa:

Nature. 1953;171(4356):737-8.

Italiki imeondoka, mwaka umehama kutoka kwenye mabano baada ya majina na kuja baada ya jina la jarida, nukta mkato imeingia, ukurasa wa mwisho umefupishwa. Upande wa waandishi, "Watson, J. D., & Crick, F. H. C." imegeuka "Watson JD, Crick FH". Ndani ya matini, "(Watson & Crick, 1953)" imekuwa namba, na namba zinafuata mpangilio wa kutajwa, kwa hiyo ukiongeza chanzo kimoja kwenye utangulizi zote zinazofuata zinasogea. Zidisha kwa 60. Kwa mkono ni kazi ya siku nzima, na makosa hayakosi. Kwa programu ni kuchagua jina la mtindo na kusubiri sekunde chache.

Zotero na Mendeley hutumia lugha moja ya mitindo, CSL, yenye mitindo zaidi ya 10,000 iliyo tayari. EndNote ina mitindo yake, nayo ni maelfu. Penye jambo la kurekebisha, EndNote ina faida ya kweli: mtindo unafunguka kama fomu yenye visanduku, unabadilisha koma au neno, unahifadhi. Kurekebisha CSL ni kuingia kwenye msimbo, na si kila mwanasayansi jamii atapenda.

Mambo mawili yanapunguza uzito wa kigezo hiki. Kwanza, majarida mengi ya Elsevier hupokea mswada wa mwanzo kwa mtindo wowote, ilimradi uwe mmoja mwanzo hadi mwisho. Mtindo wa jarida unadaiwa baada ya kupita. Pili, majarida kadhaa ya kwetu yana mtindo wao wa ndani ambao hauko kwenye orodha ya programu yoyote. Hapo utachagua mtindo ulio karibu nao, halafu umalizie kwa mkono, programu au bila programu.

Angalia pia toleo. Mwongozo ukisema "APA" bila namba, fungua makala zilizotoka karibuni kwenye jarida lenyewe. APA 7, iliyotoka Oktoba 2019, imefuta mahali pa uchapishaji na inataja waandishi hadi 20 kwenye orodha. Ukiona bado wanaandika "Dar es Salaam:" kabla ya mchapishaji, wahariri hao wako kwenye toleo la 6, nawe wafuate.

Majina na vichwa vya Kiswahili

Chukua jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Maktaba humwingiza kwenye N, kwa jina zima jinsi lilivyo. Programu zimejengwa kwa dhana kwamba kila mtu ana jina la ukoo linalokuja mwisho, kwa hiyo ukimvuta kutoka mtandaoni unaweza kuletewa "Thiong'o, N. wa".

Kwa mkono hakuna tatizo: unaandika unavyojua. Kwenye Zotero, pembeni ya jina kuna kitufe kidogo kinachounganisha visanduku viwili kuwa kimoja, kile kinachotumika kwa majina ya taasisi. Bonyeza, andika jina lote, nalo litatoka lote. Kwenye Mendeley, jina lote liweke sehemu ya jina la ukoo. Kwenye EndNote, andika jina zima kisha weka koma mwishoni. Kwenye BibTeX, lizungushie mabano mawili ya mawimbi. Zote zinaweza, basi, lakini kila moja inangoja wewe uijue njia yake.

Majina ya pwani, yenye jina la mtu, la baba na la babu, yana mtego mwingine. Mwandishi yuleyule akiingia mara moja kwa majina kamili na mara nyingine kwa herufi za kwanza, Zotero kwa mtindo wa APA itadhani ni watu wawili na kuanza kuongeza herufi za majina ndani ya matini ili kuwatofautisha. Ukiona herufi zimeibuka ndani ya mabano bila wewe kuziandika, usizifute pale. Rudi kwenye maktaba yako uyasawazishe majina.

Vichwa navyo vina yake. Mitindo ya Chicago na MLA hutaka herufi kubwa kwenye maneno ya kichwa cha Kiingereza, na programu hulifanya hilo yenyewe, hata kwa Kiswahili: "Nafasi ya methali katika malezi" inatoka "Nafasi Ya Methali Katika Malezi". Kwenye Zotero dawa ni ndogo: katika sehemu ya lugha andika "sw", na kichwa kitaachwa kama kilivyo. Kwenye EndNote unachagua ndani ya mtindo kwamba vichwa vibaki vilivyoandikwa. BibTeX hufanya kinyume. Mitindo yake mingi hushusha herufi kubwa zote za kichwa cha makala isipokuwa ya kwanza, na Zanzibar inakuwa zanzibar usipoiwekea mabano.

Kwa makala inayoandikwa kwa Kiswahili chenyewe, jarida litataka "na wenzake", "mh." na "uk." EndNote inakuruhusu kuyaandika maneno hayo ndani ya mtindo mara moja kwa kudumu. Kwa Zotero na Mendeley, njia ambayo haimchoshi mtu ni kumaliza mswada kwanza, kutengeneza nakala isiyofungamana na programu, kisha kutafuta na kubadilisha neno kwa neno. Kwa kigezo hiki kimoja, EndNote na mkono vinaongoza.

Kuandika na wenzako

Zotero inakuruhusu kufungua makundi bila malipo, kila mmoja akaweka vyanzo humo. Rejea zilizomo ndani ya faili la Word hubeba taarifa zake, hivyo mwenzako anaweza kuendelea hata kama chanzo hakimo kwenye maktaba yake. Mendeley nayo ina makundi. EndNote inashirikisha maktaba, ila kila mmoja anahitaji leseni, na kwenye timu yenye watu wa vyuo vitatu hilo hukwama mapema. Mkono unamkubali kila mtu, na kila mtu huja na koma zake.

Kanuni ya kushika: programu mbili zisiingie kwenye mswada mmoja. Mmoja akiingiza kwa Mendeley na mwingine kwa Zotero, utapata orodha mbili zisizojuana. Kubalianeni kabla ya aya ya kwanza.

Nani achukue kipi

Una makala moja yenye vyanzo visivyozidi 25, na huna mpango wa kuandika nyingine mwaka huu? Andika kwa mkono bila wasiwasi. Weka mfano mmoja sahihi wa kila aina ya chanzo juu ya ukurasa, uige huo, kisha upitie matini ukiweka alama kwenye orodha kila jina unalokutana nalo. Lisilo na alama lifute, lililokosekana liongeze.

Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, atakayebeba vyanzo vilevile kutoka pendekezo hadi tasnifu hadi makala mbili tatu, anahitaji programu tangu mwezi wa kwanza. Kama intaneti yako ni ya kubahatisha, kompyuta ni ya zamani au unatumia LibreOffice, Zotero itakufaa zaidi. Kama uko mtandaoni muda wote, una Word mpya na unataka PDF zako nyingi zikae mahali pamoja bila kulipia, Mendeley inatosha.

Uko kwenye timu ya afya inayofanya mapitio ya tafiti zote za mada moja, na matokeo ya utafutaji ni maelfu? Kama taasisi inalipia EndNote na kiongozi wa timu anaitumia, jiunge nao. Hivyo pia kwa mhadhiri anayeandika Kiswahili kila mara kwa jarida lilelile: saa chache za kurekebisha mtindo wa EndNote zitamlipa kwa miaka, ikiwa leseni ipo.

Mwanahistoria anayerejelea kwa tanbihi za Chicago asihangaike kwa mkono. Tanbihi 140 zinazofupishwa zinaporudiwa, na ambazo ukihamisha aya moja hujipanga upya, ni kazi ambayo Zotero na EndNote huifanya vizuri.

Mtu wa hisabati, fizikia au kompyuta, ambaye jarida lake linatoa kiolezo cha LaTeX, atumie BibTeX, na vyanzo avitunze kwenye Zotero, ambayo hutoa faili la BibTeX moja kwa moja.

Na wewe ambaye uko katikati ya mswada kwa programu moja na umevutiwa na nyingine, malizia hapo ulipo. Maktaba inahamishika kwa faili la RIS, aina ya faili ambayo programu zote tatu huisoma, lakini rejea zilizokwisha kuingizwa ndani ya Word kwa kawaida hazihami pamoja nayo. Huenda ukalazimika kuziingiza upya moja moja. Tuma mswada kwanza. Kabla ya kutuma, hifadhi nakala iliyofungamana na programu, kisha tengeneza nyingine ambayo rejea zake zimegeuzwa kuwa maandishi ya kawaida, na hiyo ya pili ndiyo impelekee mhariri. Wapitiaji wakirudisha maoni, utafanya marekebisho kwenye ile ya kwanza.